Sura ya Tano: Ukweli Unafika Lini?

Septemba 2001, siku chache baada ya ndege kugonga majengo ya New York na Washington, makao makuu ya FBI yalihitaji kusambaza picha za watuhumiwa kwa ofisi zake za mikoani. Picha zilitumwa kama vifurushi vya kufika kesho yake. Shirika la upelelezi la nchi tajiri kuliko zote halikuwa na njia ya kuaminika ya kurusha picha kwa kompyuta kutoka ofisi moja hadi nyingine. Majalada ya kesi yalikuwa ya karatasi, na mfumo wa kuyafuatilia ulikuwa wa enzi za skrini nyeusi zenye maandishi ya kijani. Wapelelezi wengi waliukwepa kila walipopata upenyo.

Dawa ilikwishaagizwa. Mwezi Juni mwaka huohuo kampuni ya SAIC ilipewa kazi iliyokuja kuitwa Virtual Case File, yaani mfumo wa kuendesha majalada yote ya FBI kwenye kompyuta. Waraka wa mahitaji ulizidi kurasa 800, na ulishuka hadi kutaja vitufe vya kuwekwa kwenye kurasa. Kazi ikaanza, mahitaji yakabadilishwa mamia ya mara, na Desemba 2003 mfumo ukaletwa. FBI ikaukataa. Mkandarasi alisema mteja hajui anachotaka, mteja akasema mkandarasi ameleta kitu kibovu. Mwaka 2005 mradi ulifungwa rasmi. Dola milioni 170 zilikuwa zimekwenda, na majalada yalikuwa bado ya karatasi.

Mwaka 2006 wakaanza upya. Mfumo ukaitwa Sentinel, mkandarasi akawa Lockheed Martin, na safari hii kazi iligawanywa katika awamu nne za kukamilika Desemba 2009. Bajeti ilifika dola milioni 451. Agosti 2010 wakaguzi wa Wizara ya Sheria walikuta dola milioni 405 zimetumika na awamu mbili tu kati ya nne zimekabidhiwa. Taasisi ya MITRE, iliyoombwa kupima hali kwa jicho la nje, ilikadiria kwamba kuendelea kwa mpango uleule kungehitaji miaka 6 zaidi na dola nyingine zisizopungua milioni 351.

Hapo ndipo uongozi wa FBI ulipoamua kuichukua kazi mikononi mwake. Wafanyakazi wa mkandarasi walipangwa kupunguzwa kutoka kama 220 hadi 40. Waliobaki walikaa pamoja na watu wa FBI katika jengo la makao makuu, wakaacha awamu ndefu na kufanya kazi kwa vipande vya wiki mbili mbili. Tarehe 1 Julai 2012 Sentinel ilianza kutumika katika FBI nzima, na fedha ya jumla haikupita mbali na ile bajeti ya awali.

Wapenzi wa njia mpya huisimulia habari hii kama ushindi wa ujana dhidi ya uzee. Tukiitazama kwa karibu tunaona jambo lenye faida zaidi. Mteja alikuwa yuleyule, na mahitaji hayakuwa mageni. Kilichotofautiana katika majaribio yale matatu ni muda uliopita kati ya kukosea na kujua kwamba umekosea. Mara ya kwanza ulikuwa miaka miwili na nusu. Mara ya pili ulikuwa urefu wa awamu nzima. Mara ya tatu ulikuwa wiki mbili. Sura hii inahusu muda huo: nani anaupanga, unagharimu nini, na kwa nini wakati mwingine ni busara kuuacha uwe mrefu.

Mchoro wa Royce

Njia ya zamani inaitwa maporomoko ya maji. Mahitaji yanakusanywa na kusainiwa, kisha mfumo unasanifiwa, halafu programu inaandikwa, inajaribiwa, inakabidhiwa, na mwisho inatunzwa. Hatua moja haianzi kabla iliyotangulia haijapigwa muhuri, na kurudi nyuma ni kinyume cha utaratibu.

Asili yake hutajwa kuwa makala ya Winston Royce, mhandisi wa kampuni ya TRW aliyekuwa na uzoefu wa programu za vyombo vya anga, aliyoiwasilisha Los Angeles Agosti 1970. Mchoro wa ngazi zinazoshuka kweli umo. Ila ukiendelea kusoma utakuta Royce mwenyewe anaonya kwamba kufanya kazi hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: majaribio yamewekwa mwishoni, na katika majaribio ndimo yanamojitokeza mambo ambayo hakuna aliyeweza kuyakokotoa kwenye karatasi. Alishauri mfumo mpya utengenezwe mara mbili, wa kwanza ukiwa wa kujifunzia, na mteja ashirikishwe njiani. Hata neno maporomoko hakulitumia. Lilikuja kwa wengine, miaka kadhaa baadaye.

Dunia ikachukua mchoro na kuliacha onyo. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kanuni ya kutengenezea programu zake, DOD-STD-2167, ambayo wakandarasi wengi waliisoma kama amri ya kushuka ngazi kwa ngazi. Ilidumu katika toleo moja au jingine hadi 1994. Mchoro ulipendwa kwa sababu unalipika. Kila hatua ina waraka wake, kila waraka una saini, na kila saini ina hundi nyuma yake. Ofisa anaweza kusimama mbele ya kamati ya bunge akasema mradi umefikia asilimia 60, na wote wakaandika. Hakuna anayeuliza asilimia 60 ya nini. Mara nyingi ni asilimia ya karatasi, kwa kuwa hadi siku hiyo hakuna mtu aliyebonyeza chochote kikajibu.

Bei ya kubadili mawazo

Hata hivyo, tusiwafanye watu wa maporomoko kuwa wajinga. Walikuwa na hoja, na hoja yao ilikuwa na hesabu. Barry Boehm, aliyefanya kazi TRW pia, alichapisha mwaka 1981 kitabu kikubwa kuhusu uchumi wa programu. Katika miradi mikubwa aliyoichunguza, kosa la kwenye mahitaji lililogunduliwa baada ya mfumo kuanza kazi liligharimu hadi mara 100 ya ambavyo lingegharimu kama lingenaswa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama kubadili mawazo kunazidi kuwa ghali kila siku inayopita, basi ni haki kutumia muda mrefu kufikiri kabla ya kuanza.

Takwimu hiyo imerudiwa katika mihadhara isiyo na idadi. Ya pili, iliyokuwa pembeni yake, haikupata bahati hiyo: katika miradi midogo Boehm aliona tofauti ya mara 4 tu. Kumbe gharama ya kuchelewa kujua haikuandikwa na Mungu. Inategemea ukubwa wa kazi, na jinsi programu ilivyojengwa.

Hoja ya kufikiri kwanza ina udhaifu mwingine, nao unaonekana vizuri zaidi kwenye dirisha la kazi kuliko kwenye vitabu. Tuchukue hospitali ya wilaya inayotaka mfumo wa kusajili wagonjwa. Wataalamu wanakuja, wanakaa na mganga mkuu, mhasibu na katibu wa afya, wanaandika mahitaji, wakubwa wanasaini. Miezi 14 baadaye mfumo unaletwa, na karani wa dirishani anaketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Mgonjwa wa kwanza ni bibi asiye na simu, na mfumo haukubali kuendelea bila namba ya simu. Anayefuata ameletwa na bodaboda kutoka kwenye ajali, hajitambui, na mfumo unadai majina matatu. Wa tatu ni mtoto aliyezaliwa alfajiri ambaye bado hajapewa jina. Wa nne amelipa nusu, na mjomba wake ameahidi kuleta nusu iliyobaki jioni. Kwenye daftari la zamani karani aliyamaliza haya yote kwa kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kalamu nyekundu. Hata angeulizwa, huenda asingekumbuka kuitaja, maana kwake hilo halikuwa hitaji la mfumo. Ndiyo kazi yenyewe.

Mipango si matumizi. Maarifa ya karani yule hayatoki kwa mahojiano, yanatoka akiwa na kitu mkononi kinachomkwaza. Fred Brooks, aliyeongoza IBM katika ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360 miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba meneja ajiandae kulitupa toleo la kwanza, kwa kuwa atalitupa tu, apende asipende. Miaka 20 baadaye alirudi kujisahihisha. Ushauri ule, alisema, bado ulikuwa umekaa ndani ya fikra za maporomoko, kana kwamba mfumo unajengwa wote mara moja kisha unatupwa wote mara moja. Afadhali uukuze kidogo kidogo ukiwa hai.

Waliokutana Snowbird

Februari 2001 watu 17 walikutana kwa siku tatu Snowbird, kituo cha michezo ya theluji kwenye milima ya Utah. Kila mmoja alikuwa na njia yake. Jeff Sutherland alikuwa ameanza kutumia Scrum katika kampuni ya Easel mwaka 1993, na yeye na Ken Schwaber waliitangaza kwa wenzao mwaka 1995. Kent Beck alikuwa amejenga njia yake akiwa kwenye mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler. Walikuwapo pia Martin Fowler, Ward Cunningham, Alistair Cockburn na wengine, wengi wao wakiwa washauri waliozoea kuitwa miradi inapokuwa mahututi. Walitoka na tamko fupi, wakaupa mwelekeo wao jina ambalo wataalamu wetu leo hulitamka ajaili.

Tamko lina mapendeleo manne: watu na mazungumzo yao kabla ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi kabla ya nyaraka nene, kushirikiana na mteja kabla ya kuvutana naye juu ya mkataba, kuitikia mabadiliko kabla ya kung'ang'ania mpango. Waliongeza maelezo kwamba vitu vya upande wa pili navyo vina thamani yake. Maelezo hayo yalipatwa na yaleyale yaliyolipata onyo la Royce. Leo utamkuta kijana anayeapa kwamba ajaili maana yake ni kutoandika nyaraka na kutokuwa na mpango.

Utaratibu wenyewe una nidhamu kali. Kazi yote iliyobaki huwekwa kwenye orodha moja, na mtu mmoja ndiye mwenye mamlaka ya kusema kipi kitangulie. Timu ya watu wachache huchukua vipande vya juu vya orodha, vile tu inavyoamini itavimaliza ndani ya mzunguko mmoja wa wiki mbili au zaidi kidogo. Kila asubuhi wanasimama mbele ya ubao kwa dakika 15, kila mtu anasema amekwama wapi. Mzunguko ukiisha hakuna ripoti ya asilimia. Wanafungua kompyuta mbele ya watumiaji na kuonyesha kilichokamilika. Kipande ambacho hakifanyi kazi hakihesabiwi, hata kama kimebakiza siku moja. Kisha orodha inapangwa upya kwa mujibu wa walichojifunza.

Kwenye lile jaribio la tatu la FBI orodha hiyo ilikuwa na vipande takriban 670, kila kimoja kikieleza jambo moja ambalo mpelelezi au msimamizi wake anahitaji kulifanya. Onyesho la kila wiki mbili lilimaanisha kwamba fomu iliyokosewa ilikosolewa ikiwa bado mbichi. Tusipambe, lakini. Mpango ulisema kazi ingekwisha Septemba 2011. Oktoba mwaka huo watumiaji zaidi ya 700 walipoingia kwenye mfumo kwa pamoja kuujaribu, ulizima mara mbili, ikabidi kutafutwa mitambo mipya. Tarehe ikasogea tena na tena hadi Julai 2012, na baada ya hapo wapelelezi waliendelea kulalamikia sehemu ya utafutaji. Vipande vidogo vilikuwa vimepimwa kila kimoja kwa wakati wake. Uzito wa wote kwa pamoja ulipimwa kwa kuchelewa. Hata ndani ya ajaili, kile ambacho hukukipima mapema kitakungoja mwishoni, kama kilivyowangoja watu wa maporomoko.

Kuna jambo moja ambalo ofisi nyingi huliacha zinapoiga ajaili, nalo ndilo linaloibeba. Beck alikwenda moja kwa moja kwenye hesabu ya Boehm na kudai kwamba mstari ule wa gharama unaopanda unaweza kulazwa. Kama kila kipande cha programu kina majaribio yanayojiendesha yenyewe, kama kazi za watengenezaji wote zinaunganishwa kila siku, kama msimbo unasafishwa kila mara usiwe kichaka, basi badiliko la mwezi wa kumi halitakuwa ghali sana kuliko la mwezi wa pili. Ajaili yote imesimama juu ya ahadi hiyo. Timu inayobandika kadi ukutani na kusimama kila asubuhi huku haina jaribio hata moja linalojiendesha imechukua mapambo ya harusi bila bwana harusi. Kila badiliko litavunja vitu vitatu vingine, na baada ya mwaka mmoja hakuna atakayethubutu kugusa chochote.

Na ahadi hiyo haizuii kila balaa. Ule mradi wa mishahara wa Chrysler, uliokuwa kioo cha njia ya Beck, ulifika mahali pa kulipa wafanyakazi wapatao 10,000, kisha kampuni ikausimamisha mwaka 2000. Programu iliyoandikwa vizuri haiwi kinga dhidi ya maamuzi ya wakubwa.

Mahali ambapo kosa halisamehewi

Upande wa maporomoko nao una mfano wake wa kujivunia, nao ni mzito. Vyombo vya anga vya NASA, vile vilivyorushwa kama roketi na kutua kama ndege, viliendeshwa na programu iliyotengenezwa Houston, kwanza na IBM na baadaye na warithi wake. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na mistari takriban 420,000 na watu wapatao 260 wa kuitunza. Matoleo matatu ya mwisho ya wakati huo yalikutwa na kosa moja moja tu.

Walifanyaje? Hakuna aliyegusa msimbo kabla ya badiliko kuandikwa, kujadiliwa na kukubaliwa. Walipotaka kuongeza uongozaji kwa setilaiti, badiliko lililohusu mistari 6,366, maelezo ya badiliko hilo peke yake yalijaza kurasa 2,500. Kosa lilipopatikana, walitafuta pia pengo kwenye utaratibu lililoliruhusu kupita, wakaliziba. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 35 kwa mwaka. Hii ndiyo bei ya kutaka ukweli wote ufike kabla ya kuruka, na kwa wanaanga walioketi juu ya mafuta yanayowaka si bei kubwa. Huwezi kuwarusha ili upate maoni yao baada ya wiki mbili.

Lakini hata hapa wanahistoria wa programu wana la kuongeza. Craig Larman na Victor Basili walionyesha mwaka 2003 kwamba programu hiyohiyo, ilipojengwa mara ya kwanza kati ya 1977 na 1980, ilipita katika mizunguko 17 ndani ya miezi 31, mzunguko mmoja wastani wa wiki nane. Sababu ilikuwa kwamba mahitaji ya chombo yalizidi kubadilika wakati ujenzi unaendelea. Na pamoja na uangalifu wote huo, safari ya kwanza ya chombo cha Columbia, iliyopangwa tarehe 10 Aprili 1981, iliahirishwa kama dakika 20 kabla ya kuruka. Kompyuta ya akiba haikuweza kwenda sambamba na zile nne kuu, kwa kosa la muda mfupi mno lililotokana na badiliko dogo la huko nyuma. Waliruka siku mbili baadaye.

Kwa hiyo watu makini kuliko wote duniani walitumia mizunguko walipokuwa bado wanajifunza, na taratibu nzito walipokwishajua na bei ya kukosea ilipokuwa uhai wa watu. Hawakuwa na haja ya kuchagua kambi.

Thika, Oktoba 2005

Mfano ulio karibu nasi zaidi wengi wetu tunao mfukoni. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutuma pesa. Nick Hughes wa Vodafone, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza iliyokaribia pauni milioni moja na kiasi kingine cha kampuni, alitaka kurahisisha mikopo midogo: wateja wa Faulu Kenya wapokee mkopo na kurejesha kwa simu. Susie Lonie alitumwa Kenya kuusimamia mradi, na Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika pamoja na Safaricom, Faulu na Commercial Bank of Africa. Wateja hawakuzidi 500 hivi, na mawakala walikuwa wa kuhesabika.

Mahitaji yaliyoandikwa yalihusu mikopo. Watu wakafanya yao. Walioshiriki walianza kulipana wao kwa wao. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu jioni, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa na duka la wakala lilikuwa wazi. Wengine, waliohofia kutembea na fedha taslimu, waliweka pesa kwa wakala mjini walikotoka, wakapanda gari, wakazitoa walikofika. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia jamaa zao mashambani. Wakati huohuo sehemu ya mikopo, ile iliyokuwa moyo wa mpango, ilikuwa inasumbua: kulinganisha hesabu za simu na vitabu vya Faulu kulikula muda mwingi.

Mradi unaoongozwa na waraka uliosainiwa ungeyaita matumizi hayo ukiukwaji. Waliyasoma kama majibu. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya nzima ikiwa na jambo moja mbele, kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikaachwa pembeni. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa na wateja kama milioni mbili, na Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Mikopo ilirudi mwaka 2012 kwa jina la M-Shwari, wakati wateja walipokuwa tayari na mfumo ukiwa umekomaa.

Usikimbilie kuiita ajaili safi, maana kuna sehemu za M-Pesa ambazo hazikujaribiwa kwa kubahatisha. Fedha za wateja ziliwekwa kwenye akaunti ya amana benki, na kila shilingi ya kwenye simu ilipaswa kuwa na shilingi mwenzake pale, tangu siku ya kwanza. Benki Kuu ilitaka kujua hilo linalindwaje kabla ya kuruhusu. Menyu nayo ilikaa kwenye laini ya simu yenyewe, na wateja wenye laini za zamani walilazimika kuzibadilisha. Kosa kwenye menyu si kosa la kurekebisha usiku ukalala. Limo katika mifuko ya watu nchi nzima. Kwa hiyo ndani ya mradi mmoja palikuwa na mambo ya kupangwa kama ya Houston, na mambo ya kugunduliwa kwa kuwatazama wachuuzi wa Thika. Ustadi ulikuwa kutovichanganya.

Mkataba ndio njia yenyewe

Ukizungumza na watengenezaji wa mifumo Dar es Salaam au Nairobi, wengi watakwambia wanafanya ajaili. Ubao upo, kadi zipo, kikao cha asubuhi kipo. Kisha omba kuona mkataba. Hadidu za rejea zimeorodhesha kila kitu, bei ni moja isiyobadilika, tarehe ya makabidhiano imeandikwa, na malipo ya mwisho yanangoja cheti cha kukamilika. Haya ni maporomoko yaliyovaa fulana ya ajaili. Timu inaweza kujifunza kila wiki mbili, ila haina ruhusa ya kukitumia ilichojifunza, kwa kuwa kuacha kipengele namba 47 kisichohitajika na kuongeza kingine kinachohitajika ni kuvunja mkataba. Pande zote zinajua kipengele namba 47 hakina kazi, na bado kitatengenezwa, kitajaribiwa na kulipiwa.

Ofisa ununuzi naye ana sababu zake. Akisaini mkataba unaosema kazi itaeleweka njiani, mkaguzi atamuuliza alinunua nini. Sheria za ununuzi wa umma ziliandikwa kuzuia wizi, na orodha ya vitu kwa bei maalumu ni kinga ya wizi inayoeleweka. Jibu ni kukata ununuzi vipande. Marekani ilikwishaona hilo mwaka 1996, sheria ya Clinger-Cohen ilipohimiza mifumo mikubwa inunuliwe kwa vipande vidogo vinavyojitegemea. Kipande cha kwanza kiwe kidogo, cha miezi mitatu, na kiishie kwenye kitu kinachotumiwa na watu halisi katika kituo kimoja. Malipo yafuate kinachofanya kazi. Mteja awe na haki ya kusimama hapo bila kesi, akiwa na msimbo na data zake mkononi. Mkaguzi atapata ushahidi bora kuliko waraka wa kurasa 800, kwa kuwa anaweza kwenda kituoni akauona mfumo ukifanya kazi.

Kila kipande nacho kiulizwe kivyake: kama tumekosea hapa, tutajua lini, na kurekebisha kutagharimu nini? Mahali ambapo jibu ni uhai wa mtu, fedha za wateja, au kitu kikishatoka hakirudi, andika kurasa zako, saini, pima mara saba. Mahali ambapo jibu ni skrini ya karani wa hospitali, weka toleo bovubovu mbele yake wiki ya tatu umwache alalamike. Sehemu hizo mbili huwa ndani ya mfumo mmoja, na meneja anayezipa utaratibu mmoja ataumia upande mmoja.

Kinachobaki ni mtu. Njia ya mizunguko inadai kuwe na mmoja upande wa mteja mwenye mamlaka na muda wa kukaa kwenye onyesho kila wiki mbili na kusema hiki ndiyo, hiki hapana, hiki kisubiri. Taasisi inayomtuma kila mara mwakilishi tofauti, asiyeweza kuamua lolote bila kuuliza ofisini, isijisumbue na ajaili. Itapata mazungumzo mengi na mfumo usiokwisha.

Basi utakapowekewa mezani mkataba wa mfumo, uwe mnunuzi au mjenzi, acha kwanza kurasa za teknolojia na jedwali la bei. Tafuta tarehe ya kwanza ambayo mtu atakayeutumia mfumo kila siku ataugusa akiwa na kazi halisi mbele yake. Kama tarehe hiyo na ile ya malipo ya mwisho zinakaribiana, hatari ya mradi umeshaiona, na wakati wa kuijadili ni kabla ya kusaini.